Butembo: Dola 400 mkononi, ni kompyuta gani ya kurekodia nyumbani?

Siku ya Jumamosi moja jioni, katika saloni ya yaya wangu, komine ya Kimemi mjini Butembo, kompyuta yetu ilianza kutoa mlio mdogo kutoka ndani: ka, ka, ka. Umeme ulikuwa umekatika mara tatu tangu asubuhi. Yaya aliizima, akaiwasha tena. Kioo kilibaki cheusi, na chini yake maneno machache yakituambia kwamba mashini haioni diski yoyote.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa nyimbo 11 za Kinande za mzee mmoja wa korali yetu. Alikuwa ameziimba peke yake, kwa kukaa kwenye kiti cha mbao, bila gitaa wala ngoma. Alizijifunza kwa mama yake. Tulikuwa tumepanga korali izijifunze kupitia rekodi hiyo, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kuchoka na hakuweza tena kuja kwenye mazoezi. Miezi miwili baada ya diski kufa, mzee naye alituaga.

Fundi wa katikati ya mji aliifungua diski, akaitazama, akatikisa kichwa. Alisema kwamba kuna maabara katika nchi za nje zinazoweza kutoa data ndani ya diski iliyovunjika, lakini malipo yake yanaweza kupita bei ya mashini yenyewe. Korali haikuwa na pesa hizo.

Ninaandika habari hii kwa sababu mashini ile tuliinunua sisi wenyewe, kwa kuichagua, tena kwa dola 300 zilizochangwa na watu wanaouza mboga na kufundisha shule. Ilikuwa nzuri kwa macho. Na leo, katika miji yetu ya mashariki mwa Kongo, vijana wengi na korali nyingi wanafanya uchaguzi kama wetu. Wamechoka kulipa studio wimbo kwa wimbo. Wanataka kurekodi nyumbani. Swali wanaloniuliza mara kwa mara ni moja: tununue kompyuta gani?

Kosa letu la kwanza: kununua jina

Kompyuta nyingi zinazouzwa Butembo ni zile tunazoita okaziyo, yaani zilizokwisha kutumika kwingine. Nyingi hupitia Dubai au Kampala, zikaingia kwa mpaka wa Kasindi. Si jambo baya. Kati yake kuna mashini imara zilizotumika katika ofisi za Ulaya na Marekani, kisha ofisi zikazibadilisha zingali nzima.

Tatizo ni namna tunavyozichagua. Muuzaji alituambia jambo moja tu: hii ni i7. Sisi tulikuwa tumesikia kwamba i7 inapita i5, nayo i5 inapita i3. Tukalipa.

Hatukujua kusoma namba inayofuata. Yetu ilikuwa i7-4600U. Ile 4 ya mbele inaonyesha kizazi cha 4, kilichotoka mwaka 2013, na ndani yake kuna viini viwili tu vya kufanya kazi. Pembeni yake kulikuwa na mashini nyingine yenye i5-8250U, ya kizazi cha 8, iliyotoka mwaka 2017. Hiyo ina viini vinne. Kwa kazi ya muziki, ambapo sauti nyingi zinapigwa kwa wakati mmoja, ile i5 inaiacha mbali i7 yetu. Na siku hiyo bei zake zilikuwa karibu sawa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, somo la kwanza ni hili: usiulize tu kama ni i5 au i7. Uliza namba nzima, uiandike kwenye karatasi. Ikiwa baada ya kistari namba ina tarakimu nne na haianzi na 1, ile ya kwanza ndiyo kizazi. Ikiwa inaanza na 10, 11, 12 au 13, iwe ina tarakimu nne au tano, basi hizo mbili za kwanza ndizo kizazi.

Kizazi cha 8 kina faida nyingine. Kampuni ya Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubaliwa rasmi kuanzia kizazi hicho cha 8. Mashini ya zamani zaidi itaendelea kuwaka, lakini haitapokea tena marekebisho ya usalama kwa njia ya kawaida, na programu mpya zitaanza kuikataa kidogo kidogo.

Kompyuta inafanya nini wakati unaimba?

Watu wengi wanaamini kwamba kurekodi kunahitaji mashini ya nguvu sana. Kurekodi kwenyewe ni kazi nyepesi. Sauti ya mtu mmoja, ikinaswa kwa kiwango cha kawaida cha studio, yaani 24 bit na 48 kHz, inachukua karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano ni kama megabaiti 43. Hata kompyuta ya miaka kumi inaweza kuandika kiasi hicho bila shida.

Kazi nzito inakuja baadaye, wakati wa kuchanganya. Hapo una sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne za korali, gitaa, besi, kinanda, ngoma. Juu ya kila moja unaweka programu ndogo za kusafisha, kupunguza mlio mkali, kuongeza mwangwi. Zote zinatakiwa kufanya kazi kwa wakati mmoja. Ni hapo viini vya prosesa na RAM vinapimwa.

Kuna jambo moja la kurekodi ambalo linasumbua: kuchelewa kwa sauti. Mwimbaji anavaa kaske masikioni, anaimba, lakini anajisikia nyuma kidogo ya alichoimba. Anachanganyikiwa, anaacha.

Ili kuelewa jambo hili, fikiria mtu anayeteka maji mtoni. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inajaza ndoo, kisha inaibeba. Ndoo ikiwa ndogo, maji yanafika haraka, lakini mbebaji anakimbia bila kupumzika, na akichoka unasikia mikwaruzo na sauti zinazokatika. Ndoo ikiwa kubwa, mbebaji anatembea polepole, lakini maji yanachelewa. Katika programu za kurekodi, ukubwa wa ndoo hiyo unaandikwa kwa namba: 64, 128, 256, 512, 1024. Kwa kiwango cha 48 kHz, ndoo ya 128 inachelewesha kwa milisekunde zisizofika 3. Ndoo ya 1024 inafikisha milisekunde 21, na hapo ni safari ya upande mmoja tu. Katika milisekunde 21 sauti inasafiri hewani kama mita saba. Ni kama kuimba huku sauti yako inatokea upande wa pili wa kanisa.

Mashini mpya ina uwezo wa kubeba ndoo ndogo bila kuchoka. Lakini kuna njia ya watu wenye pesa kidogo. Kadi nyingi za sauti za nje, zile zinazochomekwa kwa USB, zina kitufe au kizungusho kinachomwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja kutoka kwenye kadi, kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Ukikitumia, kuchelewa hakukuhusu tena wakati wa kuimba. Sisi tulikigundua baada ya mwaka mzima wa kugombana na mashini.

Kwa wenye Windows, ongeza jambo hili: kadi ya sauti ifanye kazi kwa njia ya ASIO, iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Steinberg. Kadi nzuri inakuja na programu yake ya ASIO. Isipokuwepo, kuna ya bure inayoitwa ASIO4ALL. Kompyuta za Mac hazihitaji kitu hicho, njia yake ya sauti imo ndani tayari.

Diski: mahali ambapo nyimbo zinaishi au zinakufa

Diski ya mashini yetu ya kwanza ilikuwa ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani ngumu zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kichwa kidogo kinachosoma kwa ukaribu sana bila kugusa. Diski ya namna hiyo haipendi kuangushwa. Haipendi kubebwa kwenye pikipiki ikiwa inazunguka. Na haipendi umeme unaokatika wakati inaandika. Kwa maneno mengine, haipendi maisha yetu.

Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka. Zinavumilia mtikisiko, zinasoma haraka zaidi, na hazitoi mlio wowote. Hata SSD ya kawaida ya aina ya SATA inasoma mara kadhaa zaidi ya diski ya kuzunguka ya laptop. Mashini ya zamani ikiwekewa SSD, unadhani imezaliwa upya.

Ukubwa gani? Tufanye hesabu. Wimbo wa dakika tano wenye sauti 12, kila moja ikirekodiwa mara tatu ili uchague iliyo bora, unachukua gigabaiti 1.5 hivi. SSD ya gigabaiti 256, baada ya Windows na programu zako kukaa, inaweza kubaki na nafasi ya nyimbo mia moja. Hiyo inatosha kuanza. Zikijaa, hamishia kazi zilizokwisha kwenye diski ya nje.

Lakini SSD nayo inakufa, na ikifa mara nyingi haitoi onyo. Hakuna ka, ka, ka. Ndiyo maana diski ya nje si kitu cha kununua baadaye pesa zikipatikana. Ni sehemu ya bei ya kompyuta. Rekodi ambayo iko mahali pamoja tu, hesabu kwamba huna.

Jihadhari pia na diski na flash zinazouzwa barabarani zikiwa zimeandikwa terabaiti 1 au 2 kwa bei ya soda chache. Nyingi zimedanganywa: kompyuta inaona terabaiti 2, lakini ndani kuna nafasi ndogo sana, na unapoendelea kuandika, kazi zako zinapotea kimya kimya. Programu ya bure inayoitwa H2testw inapima ukweli wake.

RAM na nafasi ya kuongeza

Kwa kurekodi sauti, gigabaiti 8 za RAM ndizo kima cha chini leo. Gigabaiti 16 zinakupa amani. Mashini yetu ya kwanza ilikuwa na 4. Tukifika sauti ya saba ilianza kukwama.

Kabla ya kulipa, uliza kama RAM inaweza kuongezwa. Katika laptop nyingi nyembamba imegandishwa kwenye ubao na haibadilishwi. Laptop za ofisi za miaka ya 2018, kama Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 5490, zina nafasi mbili za kuchomeka vipande vya RAM. Unanunua leo yenye 8, unaongeza 8 nyingine siku ukipata. T480 ina faida nyingine pia: imejengwa kwa kupokea batri mbili, moja ndani na nyingine ya kutoa kwa nje, na ile ya nje inabadilishwa bila kufungua mashini.

Umeme: swali ambalo vitabu vya Ulaya havilijui

Ukisoma mashauri ya watu wa Ulaya kuhusu kompyuta ya muziki, wengi wanasema nunua kompyuta ya mezani, ile ya kisanduku kikubwa. Kwa pesa ileile inakuwa na nguvu kuliko laptop. Ni kweli, pale ambapo umeme haukatiki.

Huku kwetu tupige hesabu nyingine. Nyumba nyingi zina paneli ya jua na batri ya volti 12, ampea 100 kwa saa. Batri hiyo ina nguvu ya wati 1200 kwa saa, lakini kama ni ya risasi hupaswi kuimaliza. Ukitaka idumu, tumia nusu, yaani 600. Kifaa cha kugeuza umeme nacho kinakula sehemu yake.

Laptop ya ofisi, wakati wa kurekodi, inakula wati 15 hadi 25. Kwa batri ile, hata baada ya kupoteza kidogo njiani, unaweza kufanya kazi saa 20. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kukula wati 150 hadi 200, na zaidi ikiwa ina kadi kubwa ya michezo. Hapo saa tatu tu na batri imechoka.

Halafu umeme ukikatika, laptop yenye batri nzima haitambui. Kompyuta ya mezani inazimika katikati ya wimbo, labda katikati ya kuandika kwenye diski. Batri ya laptop yetu ya kwanza ilikuwa imekufa tangu siku tuliyoinunua. Muuzaji alisema si shida, itafanya kazi ikiwa kwenye umeme. Sasa naelewa kwamba pale ndipo tulipoanza kuzipoteza nyimbo za mzee.

Kuna faida ya mwisho ambayo wengi hawaifikirii. Nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhini, na jenereta zinatoa umeme mchafu. Matokeo yake ni mngurumo wa chini ndani ya rekodi. Chomoa chaja, rekodi kwa batri ya laptop peke yake, na mara nyingi mngurumo unapotea.

Kwa hiyo, kwa mtu wa kwetu, laptop yenye batri nzima inapita kompyuta ya mezani yenye nguvu.

Mashini inayopiga kelele

Mikro nzuri haina ubaguzi. Inasikia mwimbaji, inasikia jogoo wa jirani, na inasikia feni ya kompyuta. Laptop za michezo, zile zenye taa za rangi chini ya vitufe, mara nyingi zina feni za nguvu zinazovuma zikichemka. Vijana wanazipenda. Kwa kucheza ni sawa, ila kwa kurekodi katika chumba kimoja na mikro ni taabu.

Mac za aina ya MacBook Air zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2020 na prosesa ya M1 hazina feni kabisa. Ziko kimya, batri yake inadumu, na zinakuja na GarageBand bila malipo. Kama unaipata nzima na bei unaiweza, ni chaguo zuri. Lakini RAM yake haiongezwi, diski yake haibadilishwi, na ikiharibika si kila fundi wa Butembo ataifungua. Hakikisha pia kwamba haikufungwa kwa akaunti ya mtu mwingine. Mashini iliyofungwa hivyo ni jiwe.

Kwa laptop ya kawaida, njia ni rahisi: iweke mbali na mikro. Tumia waya mrefu wa mikro, mita tano au zaidi, badala ya kurefusha waya wa USB. Tundika mablanketi ukutani. Na mvua ikianza kupiga mabati, zima kila kitu, mkae mzungumze. Hakuna kompyuta inayoshinda mvua ya Butembo juu ya mabati.

Majaribio sita kabla ya kutoa pesa

Mara ya pili, tulienda kununua tukiwa watu watatu, mchana, tukiwa na kadi ya sauti na kaske za kuazima. Tuliomba muuzaji atupe nusu saa. Wa kwanza alikataa, tukatoka. Wa pili alikubali. Haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza, tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha linalofunguka linaonyesha prosesa kamili, RAM iliyomo na nafasi zake, na aina ya diski. Mara nyingi karatasi iliyobandikwa kwenye mfuniko na kilichomo ndani ni vitu viwili tofauti.

Pili, tulifungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Kompyuta inatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa batri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Kama umeshuka chini ya nusu, hesabu bei ya batri mpya.

Tatu, tulipima diski kwa programu ya bure CrystalDiskInfo, tuliyokuja nayo kwenye flash. Inaonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi.

Nne, tulichomoa chaja na kuiacha ifanye kazi dakika 20. Kompyuta ikizimika au batri ikishuka kwa kasi, unajua.

Tano, tulirekodi. Dakika kumi za kusoma gazeti kwa sauti, kisha dakika moja ya kimya. Tukasikiliza kwa kaske. Ile dakika ya kimya ndiyo inayosema ukweli: feni, mngurumo, mikwaruzo, vyote vinasikika pale. Tulitembeza pia programu ya LatencyMon, ambayo inaonyesha kama kuna kitu ndani ya Windows kinachozuia sauti kupita bila kukatika.

Sita, tuliizima, tukaiwasha na kuingia kwenye BIOS ili kuona kama haikufungwa kwa neno la siri la kampuni iliyoitumia zamani. Tulichomeka flash katika kila tundu la USB, moja baada ya nyingine.

Mashini ya kwanza tuliyojaribu ilianguka kwenye jaribio la pili. Ya tatu ilipita yote.

Dola 400 ziligawanywa hivi

Safari hii korali ilichanga dola 400. Wengine walitaka zote ziende kwenye kompyuta. Nilipinga. Kompyuta ya dola 400 yenye mikro ya simu itatoa sauti ya mikro ya simu.

Tulilipa dola 220 kwa laptop ya ofisi ya kizazi cha 8, yenye SSD ya gigabaiti 256 na RAM ya 8. Dola 20 zilinunua kipande kingine cha RAM cha 8. Kadi ya sauti ya USB yenye tundu moja la mikro na umeme wa volti 48 unaohitajiwa na mikro za kondensa ilituchukua dola 60. Mikro, nguzo yake na waya ni dola 45. Kaske, dola 20. Diski ya nje ya kutunza nakala, dola 35. Jumla, 400. Bei hizi ni zile tulizokubaliana siku ile. Zinapanda na kushuka, lakini mgawanyo unaweza kukuongoza: zaidi kidogo ya nusu kwa kompyuta, zingine kwa vitu vinavyosikia na vinavyotunza.

Programu hatukuinunua mwanzoni. Audacity ni ya bure na inatosha kurekodi na kukata. Kwa kuchanganya sauti nyingi tunatumia Reaper, ambayo ni nyepesi kwa mashini ndogo. Unaijaribu siku 60, kisha leseni ya watu binafsi ni dola 60. Tuliichanga baadaye, mwezi kwa mwezi. Programu zilizovunjwa zinazogawanywa kwa flash mjini mara nyingi zinakuja na virusi, na mashini ya kazi haipaswi kubeba virusi.

Na asiye na hata dola 100? Aanze na simu. Simu ya leo ni kompyuta pia, na programu za kurekodi zipo. Ndani ya chumba chenye mablanketi, simu ikiwa imewekwa vizuri karibu na mdomo, inaweza kunasa kitu cha kutunzwa. Kama tungemrekodi mzee wetu kwa simu mbili pembeni ya kompyuta, leo tungekuwa na nyimbo zake.

Kinachobaki

Mashini mpya iko kwenye meza ya yaya sasa. Haing'ai. Kwenye mfuniko wake kuna alama ya karatasi ya ofisi iliyobanduliwa, sijui ya nchi gani. Kila tunapomaliza kurekodi, kabla ya mtu yeyote kusimama, yaya anachomeka diski ya nje na kunakili. Kisha diski hiyo inaondoka na katibu wa korali na kulala nyumba nyingine, kwa sababu mwizi au moto havichagui kati ya kompyuta na nakala yake vikizikuta juu ya meza moja.

Wiki tatu baada ya kuinunua, tulimwita mtoto wa kike wa yule mzee. Anakumbuka nyimbo nne kati ya zile 11, na ya tano nusu. Alikaa kwenye kiti kilekile cha mbao. Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa pili. Taa ya saloni ilizimika, yeye akaendelea kuimba gizani, na mashini ikaendelea kunasa.

Zile sita zingine tunaendelea kuzitafuta kwa wazee wa vijijini. Kama yuko msomaji ambaye mzee wake bado anaimba, asingoje kompyuta iliyo kamili. Amrekodi wiki hii kwa alicho nacho, na aweke nakala mahali pawili.